Kabla ya kununua gari la juu, mpandishe mama mkwe

Agosti 2020 niliingia yadi moja ya magari hapa Nakuru kutafuta gari la juu (SUV), nikiongoza msafara wa watu sita: mume wangu, watoto wetu watatu, fundi wa gari letu la zamani, na mama mkwe aliyekuwa ameletwa kutoka Chavakali, kule Vihiga, kutibiwa goti. Sote barakoa usoni. Muuzaji akauliza kama tumekuja kununua basi.

Guku (ndivyo wajukuu wanavyomwita, nasi wengine tukafuata) nilimwomba apande kwanza Toyota Harrier nyeupe iliyoegeshwa mbele kabisa, imepigwa polishi hadi unajiona meno mlangoni. Akashika kilemba chake, akainama maana paa la gari lile linateremka kwa nyuma, akaingiza mguu mzima, ule mbovu ukabaki nje. Mume wangu akaenda kuuinua kwa mikono. Alipotoka alisema polepole, "Mwanangu, hili ni la kutazama." Pembeni palikuwa na Subaru Forester ya kijivu ya mwaka 2013, vumbi tele. Guku akaupa mlango mgongo, akaketi kwanza, kisha akavuta miguu ndani mmoja mmoja kama mtu anayepanda kitandani. Hakushika kitu, hakushikwa na mtu. Nikaandika kwenye daftari: "Guku, sekunde 6."

Mimi hufundisha Kemia, na mwalimu wa Kemia asiyeandika vipimo ni mpishi tu. Daftari hilo bado liko kwenye kisanduku cha mbele cha gari, na mengi utakayosoma hapa yametoka humo. Sikwambii ununue Forester. Nakwambia uende yadini na watu wako na vipimo vyako, kwa sababu muuzaji ana vipimo vyake tayari, na vyote ni vya rangi na rimu.

Anza na njia ya kwenda nyumbani

Kutoka kwangu Kiamunyi, hapa Nakuru, hadi Kisumu ni kilomita mia moja themanini na kitu, lami tupu. Kutoka Kisumu unapanda Kiboswa, Majengo, Mbale, unafika Chavakali, lami vilevile. Probox yetu, lile gari la zamani, iliifanya safari hiyo miaka mingi bila kulalamika. Shida ilikuwa kilomita mbili za mwisho. Kule Vihiga udongo ni mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni, na katikati ya njia ya kwa Guku kuna mgongo wa mwamba ambao hakuna tingatinga lililowahi kuusumbua. Probox ilikuwa inaachwa kwa jirani barabarani, sisi tunamalizia kwa miguu, mzigo kichwani.

Kabla ya kuangalia gari lolote nilimpigia shemeji yangu achukue futi, alaze ubao juu ya mwamba, apime hadi kwenye mfuo wa magurudumu. Akaniletea jibu: sentimita 17. Hicho ndicho kipimo ulicho nacho wewe pia mahali fulani, iwe ni tuta la shule, mtaro wa langoni au daraja la miti. Kipime. Kisha ulinganishe na nafasi iliyo chini ya tumbo la gari. Forester ya aina yangu ina sentimita 22, Mazda CX-5 ina 21. Magari mengine ya kundi hili yana chini ya hapo, ingawa ukiyatazama kwa macho yanaonekana yamesimama sawasawa.

Halafu utoe sentimita ambazo mzigo unalishusha gari. Nilipakia watu watano na gunia la mahindi la kilo 90, nikapima tena: nyuma ilikuwa imeshuka sentimita 4. Ukitoa 4 kwenye 22 unabaki na 18, na mwamba wangu ni 17. Nimepita, lakini sijidai.

Watu wengi hukwama kwenye swali la magurudumu manne kuvuta. Kwanza hakikisha kama kweli yanavuta manne, maana magari mengi ya namna hii hutoka Japani yakiwa ya kuvuta mbele tu, na sura ni ileile. Inama utazame chini: kama hakuna propela, ule mhimili mrefu wa chuma, inayoenda nyuma kwenye difu iliyo kati ya magurudumu, hilo ni la mawili, hata muuzaji aape. Kama tope lako la mwaka mzima halifiki nusu kilomita, chukua la mawili na utie tairi nzuri. Utapunguza mafuta, na vitu vya kuharibika vitakuwa vichache. Sisi tulihitaji manne kwa sababu ya mteremko wa kwa Guku, ambao ukiushuka Aprili lazima uupande tena Aprili hiyohiyo.

Kuna na suala la mwinuko wa nchi, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, na Mau Summit inakaribia 2,500. Injini isiyo na tabo (turbo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa hiyo ile injini ya lita 2 inayosifiwa kwenye karatasi, ikifika mlima wa Sachangwan, karibu na Mau Summit, na familia nzima ndani na kiyoyozi kimewashwa, imeshapungua. Nyuma ya lori utakaa. Ukitaka kulipita, hesabu nafasi mara mbili ya ile unayoizoea tambarare ya Ahero.

CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ingetufaa kwa milima hiyo, inavuta kama ng'ombe wa jembe. Niliiacha kwa sababu siku tano kwa wiki gari letu huenda shule na kurudi, mwendo wa dakika kumi na mbili. Dizeli hizo zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo linahitaji safari ndefu yenye joto ili lijisafishe. Ukiliendesha mjini tu linaziba. Kama unaishi Kisumu na unafanya kazi Busia, ichukue. Kama unaishi Milimani na kazi iko Milimani, achana nayo.

Viti saba

Mume wangu alitaka viti saba. Tukafungua safu ya tatu ya gari moja pale yadini, tukamketisha kijana wetu wa miaka 15, magoti yakafika kidevuni. Na ile safu ikiwa imesimama, buti lilitosha mfuko mmoja wa unga. Viti saba vya gari la ukubwa huu ni vya watoto wadogo wanaosafiri bila mzigo, nami sijamwona mtu anayetoka Vihiga bila mzigo. Tulichukua vitano.

Nenda na viti vya watoto wako vilevile unavyovitumia, uvifunge pale pale yadini. Sisi tulikuwa na viwili. Tulitaka kuona kama vikiwekwa kulia na kushoto, yule mkubwa wa katikati atafikia kifungo cha mkanda wake. Kwenye magari mawili hakukifikia.

Fundi kwanza, gari baadaye

Fundi wangu yuko mtaa wa Shabab, hapa Nakuru. Nilimuuliza, "Haya matano niliyoorodhesha, lipi ukiletewa utafurahi?" Akacheka, akasema lolote, ni pesa. Nikauliza tena: "Lipi ukiletewa utalimaliza hapahapa bila kuagiza mtu Nairobi?" Hapo orodha ikabaki mawili, Forester na CX-5. Muulize wako swali hilo hilo la pili.

Sehemu ya kuogopa ni giaboksi. Forester ya otomatiki ya miaka hiyo, Nissan X-Trail ya toleo la T32, Harrier ya lita 2 isiyo na tabo na Mitsubishi Outlander zote zinatumia CVT, giaboksi isiyo na gia za kuhesabika bali mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. CX-5 inatumia ya kawaida ya gia sita. CVT si mbaya ikitunzwa. Ila oili yake ni yake, haichanganywi na ile nyekundu ya otomatiki za zamani. Jirani yangu alipeleka X-Trail yake gereji moja, wakamwaga oili ya NS-3 inayotakiwa wakajaza waliyokuwa nayo dukani. Siku ya kwanza gari lilikwenda vizuri. Wiki ya tatu likaanza kuimba kama mzinga wa nyuki, na ya nne likavutwa kwa kamba. Tangu siku hiyo nanunua oili mwenyewe, kopo nafungua mwenyewe, na nasimama hapo hadi tone la mwisho.

Siku ya kukagua fika asubuhi kabla muuzaji hajaliwasha. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa na joto, jua kuna kitu walikuwa wanakificha, maana injini mbovu hujitangaza ikiwa baridi. Liwashe ukisikiliza, bila redio wala maneno ya dalali. Tia R (ya kurudi nyuma), hesabu, tia D (ya kwenda mbele), hesabu. Likichelewa kushika zaidi ya pumzi moja, uliza. Kisha zungusha usukani hadi mwisho, ukate mduara polepole kwenye lami kavu, kulia na kushoto. Gari la magurudumu manne lisiruke wala kugugumia. Baada ya hapo litoe liende kilima. Sisi tulipanda upande wa Menengai. Fundi aketi nyuma, si mbele, kwa sababu bushi na shoki za nyuma husikika kule.

Tairi usipime kwa kina cha meno peke yake. Ubavuni tazama tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: 3213 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2013. Zile za Forester yetu zilikuwa na meno mazuri na umri wa miaka saba. Nikakata bei papo hapo. Na kama una hiari, epuka rimu kubwa. CX-5 yenye rimu ya 17 huvaa 225/65R17, saizi ambayo X-Trail, Honda CR-V na Harrier nyingi huvaa pia, kwa hiyo hata miji midogo kama Luanda ya Vihiga au Mumias hutakosa. Ile yenye rimu ya 19 ina ubavu mwembamba, shimo moja la barabarani linakula tairi na rimu pamoja.

Nimeacha karatasi ya mnada hadi hapa ingawa ndiyo iliyoniokoa. Gari likiuzwa mnadani Japani hukaguliwa, na karatasi hiyo huonyesha daraja, kilomita na mchoro wa mwili wake. 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo ya kawaida, R lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokarabatiwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Forester ya kwanza niliyoipenda, si hii, ilikuwa na karatasi safi ya 4.5 na kilomita 68,000. Kitu fulani kwenye mwandiko kilinitia shaka, macho ya kusahihisha mitihani. Nikatafuta karatasi hiyo upya mtandaoni kwa namba ya chesisi, kwa ada ndogo. Ikaja ya R, kilomita 121,000. Mwenye yadi nilipomwonyesha alisema, "Mwalimu, hayo ni makosa ya Wajapani." Nikavaa barakoa yangu vizuri nikaondoka.

Karatasi za hapa nyumbani ni fupi. Fanya upekuzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone jina la mwenye gari na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa kwenye logibuku. Linganisha namba za chesisi na injini kwa macho yako. Pesa ziingie kwenye akaunti ya jina hilo hilo, si ya binamu. Kama unaagiza mwenyewe, kumbuka gari halitakiwi kuzidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana mwaka ule yadi zilijaa magari ya 2013.

Usimalize pesa yadini

Tulilipa 1,950,000, nyingi zikiwa mkopo wa Sacco. Nilikuwa nimeficha 250,000 ambazo hata mume wangu hakuzijua hadi tulipotia sahihi. Ndani ya miezi mitatu zilikuwa zimekwenda: bima, tairi nne, oili zote kuanzia injini hadi difu, betri, bushi za mbele. Anayenunua gari kwa shilingi yake ya mwisho huliendesha na tairi za miaka saba.

Kwenye bima kamili mwambie wakala aongeze kinga ya machafuko ya kisiasa, kwa kuwa mara nyingi haimo hadi uiombe. Sisi tuliokuwa Nakuru wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hatuulizi kwa nini. Na kipengele cha mafuriko kisome mwenyewe, hasa kama njia yako inapita Ahero na Nyando.

Kuliweka

Kila Jumamosi ya pili nachomoa kijiti cha oili kabla ya chai. Injini hizi za Subaru za FB zina tabia ya kunywa oili kidogo kidogo. Yangu hunywa nusu lita kila kilomita 5,000, na ndiyo maana lita moja ya ziada haitoki kwenye buti. Sina ugomvi nayo. Ugomvi ni wa anayengoja taa nyekundu iwake.

Vumbi la Nakuru ni laini kama poda, na chujio la hewa huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Chujio la pili, lile la hewa ya abiria, liko nyuma ya kisanduku cha mbele na mafundi wengi hawaligusi. Nilipolitoa mara ya kwanza nilikuta majani ya mjakaranda, nzige mmoja mkavu na manyoya ya kuku. Watoto walikuwa wanakohoa mwezi mzima nami nalaumu baridi ya Julai.

Kosa langu kubwa lilikuwa 2022. Tairi mbili za mbele ziliisha, nikanunua mbili. Ubahili wa kawaida. Wiki iliyofuata, nikikata kona ya kuegesha shuleni, gari likawa linashikwa na kuachiliwa, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Nikachukua uzi, nikauzungusha tairi jipya, nikauzungusha la zamani: tofauti sentimita 2 na nusu. Gari la magurudumu manne la namna hii linataka tairi zote ziwe za saizi moja na umri mmoja. Subaru hawataki tofauti ya mzunguko ifike hata sentimita moja, la sivyo klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma inasaga bila kupumzika. Nikanunua mbili nyingine kwa 17,500 kila moja, kugugumia kukaisha. Sasa nazizungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 ili zizeeke pamoja.

Magari haya hayana ukuta kati ya buti na viti. Kila kilicho nyuma, ukifunga breki, kinakuja mbele: jiko la gesi, ndizi, kuku. Gunia liweke chini kabisa, liegemee mgongo wa kiti, ulifunge kwa kamba kwenye zile pete za sakafuni ambazo wengi hawajawahi kuziona. Ziko chini ya zulia.

Ukitoka Mau Summit kurudi Nakuru, ule mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa usiushuke kwa breki peke yake. Peleka gia upande wa kuchagua mwenyewe, ushuke chini gia moja au mbili, injini ikushikie. Kwenye mteremko wa kwa Guku nabonyeza kitufe cha X-MODE, naondoa miguu yote miwili, gari linajishikilia lenyewe polepole. Mara ya kwanza Guku alifumba macho akaomba kwa sauti.

Maji yakivuka barabara, simama. Mafuriko ya 2024 yaliniacha Awasi saa nne nzima nikitazama watu wakijaribu. Injini ikizimika majini usiiwashe tena, hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo ukiwasha ndipo unapovunja chuma ndani. Sukuma, vuta, ita fundi.

Limebaki jambo la redio, ambalo Guku alilipa uzito kuliko yote haya. Redio za Japani husoma FM kuanzia 76 hadi 90, mpya kidogo hadi 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kifaa kidogo cha kuunganisha kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, mafundi wa redio mjini wanakiweka kwa dakika ishirini. Changu hushusha 16, kwa hiyo stesheni ya 98 huonekana 82 kwenye skrini. Nimebandika karatasi pembeni ya redio, "TOA 16", na Guku, ambaye hajasoma zaidi ya darasa la nne, sasa huifanya hesabu hiyo kabla sijafika Kiboswa.